Mkono wa Koti la Baba

Martina Franca, 8 Oktoba 1961

Dada yangu Vitarosa,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za kuku wawili waliobaki. Mama hajambo ila goti, na goti lenyewe analitangaza kwa kila jirani anayepita, kwa hiyo mji mzima unajua habari zake. Mjomba Ciccio amekwisha kukamua zabibu. Anamsalimu shemeji Oronzo na kusema divai ya mwaka huu ina hasira, aje aitulize. Pinuccio ameacha kunyonya kidole? Na kichanga Nunzia analala, au bado anakufanya ukeshe?

Sasa habari yenyewe. Cheti changu cha ualimu Mama amekitundika juu ya kitanda, chini ya picha ya Mtakatifu Martino, na watu wanakuja kukitazama kama wanavyokuja kutazama maiti. Wanasimama, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Kazi ya kufundisha hakuna. Wanaoingoja ni wengi kuliko watoto wa kufundishwa. Mwezi uliopita Mjomba aligonga meza akasema: "Msichana ameshajua mito yote ya Uchina. Sasa aolewe kabla hajasahau kupika." Ana mtu wake tayari, mgane wa Locorotondo mwenye mbuzi, watoto watatu na meno machache.

Nikasema siolewi, naingia kwa Mastra Donata kujifunza kushona makoti kama wewe. Mjomba alicheka mpaka divai ikamtoka puani. Lakini tumekubaliana: Pasaka nikivishwa subana, nabaki fundi. Nisipovishwa, mgane.

Nimeshaingia, hii ni wiki ya tatu, lakini desturi ya nyumba ile unaijua kuliko mimi. Pasaka kila msichana anapachika mkono mmoja wa koti mbele ya Mastra. Anayempendeza huvishwa subana ya chuma kidoleni na kupewa kiti chake. Asiyempendeza huchukua shali yake. Shida, dada, ni kwamba mkono hatufundishi. Tunashona mapindo, tunashona bitana, matundu ya vifungo mpaka vidole vinatoka damu. Ukifika wakati wa kupachika mkono anageukia ukutani, mgongo mpana kama kabati, na sisi anatutuma maji.

Wewe ulikaa kwake miaka sita. Niandikie tu jinsi mkono unavyopachikwa, kwa maneno ya kawaida. Nitaelewa. Mimi nilifaulu hesabu.

Mdogo wako,
Comasia


Torino, 29 Oktoba 1961

Mdogo wangu Comasia,

Barua yako ilikaa chini kwa mlinzi wa mlango, maana yeye hapandi ngazi kwa ajili ya watu wa Kusini kama sisi. Ilipofika kwangu ilikuwa na duara la kikombe chake. Sisi wazima. Pinuccio bado ananyonya kidole, sasa amebadilisha mkono. Nunzia halali, na mimi silali, na Oronzo anajifanya amelala. Mbusu Mama gotini.

Kuhusu mkono wa koti: hapana. Usiniulize tena.

Kazi haifundishwi, huibwa kwa macho. Ndivyo Mastra alivyoipata kwa marehemu bwana wake, na bwana wake kwa mwingine. Nikikuandikia hapa utakuwa umeujua kama unavyoijua mito ya Uchina, majina tu, hujawahi kulowa miguu. Shule imekuharibu kwa jambo moja, mwanangu: unadhani kila kitu kina mtu ambaye kazi yake ni kukuambia.

Ninayoweza kukuambia ni yale ambayo walimu wako hawakuyajua. Ukiingia asubuhi, pasi ya makaa iwe imeshashika moto kabla Mastra hajavua shali. Usikae mpaka akuonyeshe kiti kwa macho. Usiseme kamwe "najua," hata kama unajua. Sema "ndiyo, Mastra," kisha fanya. Akifanya mzaha, cheka mara moja, si mbili, ya pili atadhani unamcheka yeye. Usile mbele ya kitambaa. Mteja akivua nguo, wewe huna macho. Akisengenya mumewe, huna masikio. Na cheti chako kiache chini ya Mtakatifu Martino, yeye amezoea kuwahurumia maskini.

Ukilia, lia nyumbani.

Sasa na mimi nina ombi. Mwambie Mama afungue kasha, atoe koti la Baba alilooa nalo, alitume huku. Oronzo anajenga maghorofa, kutwa yuko juu ya jukwaa la mbao, na upepo unashuka milimani kama visu. Nilimshonea koti la blanketi la jeshi, lakini sufu yake ni ngumu. Akiinua mikono linambana makwapani, basi analitundika kwenye msumari na kufanya kazi kwa fulana. Kitambaa kibaya. La Baba litamfaa, walikuwa wa kimo kimoja. Fanyeni haraka, huku baridi imeshaingia ndani bila kubisha hodi.

Dada yako,
Vitarosa


Martina Franca, 3 Desemba 1961

Dada Vitarosa,

Salamu za nyumbani. Mama amekwenda misa, nyumba ni yangu peke yangu. Mjomba alianguka kwenye ngazi za pishi, hakuumia, aliyeumia ni mtungi. Nimewawekea tini kavu zenye lozi ndani. Zifiche Pinuccio asizione.

Niliwasha pasi. Sikukaa. Nilisema "ndiyo, Mastra" mpaka ulimi ukaota sugu. Halafu nikakosea mara moja tu.

Alikuja mke wa wakili kupima koti. Mastra akamweleza jambo kwa lahaja yetu ya mtaani, na yule mama akakunja uso kidogo. Mimi, nikidhani namsaidia Mastra, nikalirudia lile lile kwa Kiitalia safi cha shule. Yule mama akanigeukia akatabasamu: "Ah, huyu binti anaongea vizuri sana!"

Mastra alimsindikiza mteja mpaka mlangoni. Kisha akachukua kopo la pini akalimwaga lote sakafuni.

"Profesa," akasema, "una mdomo mzuri. Hata wake za mawakili wameuona. Hebu tuutumie."

"Naokota, Mastra."

"Si kwa mikono. Mikono ya profesa ni ya kushikia vitabu."

Wasichana wote walicheka, hata Palma ninayekaa naye kiti kimoja. Palma alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, lakini alikuwa anacheka. Niliokota kwa midomo, nimepiga magoti. Zilipobaki chache Mastra akasema, "Rudia lile neno lako la shule, mpenzi, tusikie," na mimi nina pini mdomoni. Nilirudia. Mdomo umevimba, Mama nimemwambia nilijigonga kwenye mlango.

Sasa wananiita Profesa. Na mkono wa koti bado sijauona.

Dada, nakuomba kwa kaburi la Baba. Mistari mitano tu. Pasaka inakuja, na mgane ameshaleta jibini, Mama akaipokea.

Kuhusu mzigo ulioomba, watu wanasema posta imejaa kabla ya Noeli.

Comasia


Torino, 21 Desemba 1961

Comasia wangu,

Tini zimefika. Nilizificha juu ya kabati, Pinuccio akasukuma kiti. Nilimkuta amekaa chini anazihesabia Nunzia vidoleni, "ya kwako, ya kwangu, ya kwangu," na mtoto wa watu hana hata jino. Mungu akubariki. Noeli njema kwa Mama. Mwambie asile jibini ya watu kama hajaamua, jibini ikiliwa imeshajibu.

Nimesoma habari ya pini. Nimeisoma mara mbili, nikaiweka chini ya pasi, nikapiga shati la Oronzo juu yake. Mdomo utapona. Lakini wewe, mwerevu wa mitihani yote, ulimsahihisha mwenye kazi mbele ya mteja! Huko shuleni ukitoa jibu sahihi unapewa alama. Duniani ukitoa jibu sahihi mahali pabaya unapewa pini. Mwenye kazi akikosea mbele ya mteja, wewe shika chaki yako utazame sakafu. Kumsaidia mtu ambaye hakuomba ni kumvua nguo sokoni. Hilo ndilo somo, na umelilipia, basi usilipoteze.

Na usimchukie Palma. Anayecheka huku analia anakuomba msamaha.

Mkono sikuandikii. Umelitaja kaburi la Baba, usilitaje tena kwa ajili ya cherehani. Nitakwambia neno moja, kisha unyamaze: hata mgongo husema. Anayekugeuzia mgongo bado ana viwiko. Tazama viwiko.

Koti sijaliona, wala sijaona neno juu yake. "Mzigo" ndiyo nini? Ni koti la Baba. Theluji imeanguka tangu Jumatatu. Oronzo anakohoa, anasema ni vumbi la saruji. Nilimwambia avae lile la blanketi hata likimbana. Akaniambia, "Rosa, ukibeba ndoo ya zege juu ya kichwa na koti hilo, ama koti lipasuke ama mimi." Alisema akicheka. Ni kitambaa kibaya sana kile.

Litumeni kabla ya sikukuu ya Mamajusi, tarehe sita.

Vitarosa


Torino, 14 Januari 1962

Comasia,

Salamu kwa Mama. Barua yangu ya Desemba hamkuijibu, nadhani imekaa kwa mlinzi wenu wa mlango, kama sasa na nyinyi mnaye.

Oronzo hajaenda kazini wiki hii. Ana homa, ubavu unamchoma akivuta pumzi. Msimamizi amempa nafasi mpaka Jumatatu, arudi jukwaani, la sivyo wapo wengine mlangoni wanaongoja.

Koti.

V.


Martina Franca, 11 Februari 1962

Dada Vitarosa,

Sikuandika kwa sababu sikuwa na jambo ambalo ungependa kulisoma. Sasa ninalo moja unalolipenda na moja usilolipenda, na yote mawili ni jambo lilelile. Mama mzima. Kuku amebaki mmoja. Shemeji apone upesi, tumemwashia mshumaa.

Niliangalia viwiko, dada. Niliviangalia mpaka macho yakawa mekundu na Mastra akaniuliza kama nina mchumba anayenipiga. Viwiko vilisema kwamba anashona. Hilo nilikuwa nalijua.

Ila kabla hujaniandikia habari ya viwiko nilikuwa nimeshapata wazo. Makoti ya karakana siwezi kuyafumua. Lakini ndani ya nyumba yetu kuna mikono miwili ambayo Mastra Donata aliipachika mwenyewe, kwa ajili ya arusi ya Baba. Kila Jumapili Mama anakwenda misa. Ile Jumapili niliyokuandikia habari ya mdomo wangu, koti lilikuwa limelala mapajani mwangu, na kalamu nilikuwa nimeiegemeza juu yake.

Nilifumua wa kushoto. Nikaona. Mkono wenyewe umekatwa mpana kuliko tundu lake, na ile ziada haikukunjwa wala kufinywa, imemezwa. Unaipigia bandi ndogondogo, mishono ya kushikiza tu, unaivuta, unaifunika kwa kitambaa kibichi, unaipa mvuke mpaka sufu inajikaza yenyewe. Na mkono hautundikwi wima kama wa mtu aliyekufa. Unaelekea mbele kidogo, kama mtu anayenyoosha mkono kupokea mkate. Hapo ndipo anaweza kuinua mkono na koti lisimfuate.

Kuona ni jambo moja. Nikaurudisha, ukakaa kama bawa la kuku aliyegongwa na mkokoteni. Nikafumua tena. Nikafumua na wa kulia. Kila Jumapili. Sufu ilianza kuliwa pembeni, ikabidi nikate, nikakata tena.

Mama alinikuta siku ya Mamajusi. Alikaa kitandani akavaa mkono mmoja, mkono tu, bila koti, akaunyoosha mbele yake. Akasema, "Hata nondo wangemwachia marehemu bega." Tangu siku hiyo ananipakulia chakula na kugeuka.

Wiki iliyopita Palma aliugua na koti la mwenye shamba lilikuwa linangojewa. Mastra akanirushia mkono. "Profesa, hebu tuone vitabu vinasemaje." Nikaupachika. Aliugeuza nje, akaugeuza ndani, akautia ngumi, akauinua. Hakutukana. Akauliza, "Nani amekufundisha?"

"Hakuna, Mastra."

"Dada yako?"

Nilitazama sakafu. Basi akaanza kucheka, dada, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Vitarosa! Mikono ya Vitarosa ilikuwa inatazama nyuma kama inamtafuta mama mkwe! Pasaka zote alizokaa hapa alichukua shali yake, na baada ya wiki anarudi kunililia nimpe mapindo. Nilimhurumia. Alikuwa na mapindo mazuri."

Wote walicheka. Na mimi nilicheka. Mara moja, si mbili.

Neno moja lingetosha, dada. Ungeandika "sijui," na leo Baba angekuwa na koti lake, na Oronzo angelivaa. Na lile la blanketi, nimelifikiria sana. Kitambaa hakina kosa.

Comasia


Torino, 4 Machi 1962

Comasia,

Mpe Mama mkono wangu. Watoto wanakula.

Barua yako ya Februari imenifika. Oronzo tulimzika tarehe tisa ya mwezi huohuo, kwa hiyo ulipokuwa unaiandika yeye alikuwa ameshamaliza. Nilipiga simu kwa padri kule kwetu ampashe Mama habari. Nadhani mlinzi wake naye hapandi ngazi, maana hakuna aliyeniandikia.

Alirudi jukwaani ile Jumatatu. Alikaa juu siku tatu. Wenzake walimshusha mikononi, akalala hospitali wiki tatu. Watu wazuri, mmoja anatoka Ostuni. Waliniletea na koti la blanketi, walilikuta kwenye msumari. Begani bado ni jipya.

Sisemi kwamba koti la Baba lingemponya. Daktari hakusema hivyo, na mimi sisemi. Wala juu ya yale mengine uliyoandika sina la kusema. Nimeyasoma.

Mwenye nyumba anataka chumba. Anasema mjane mwenye watoto wawili hulipa kwa machozi. Nilizunguka karakana tatu za hapa. Ya kwanza walinipa mkono wa koti nipachike, ili wanione. Ya pili na ya tatu sikuingia.

Sikuombi unifundishe. Nilikwambia mwenyewe kwamba haifundishwi, na mimi sirudishi neno langu kwa sababu mambo yamenigeukia. Naomba jambo moja. Pasaka ikipita, ukiwa na subana kidoleni, Mastra akiwa amekula vizuri, tena mteja akiwa ametoka akifurahi, si kabla, mwombee dada yako kiti. Mapindo, vifungo, kufagia. Usiombe kwa huruma. Mwambie ni mkono wa bei nafuu.

Pinuccio anauliza kwa nini baba yake ameacha koti. Nimemwambia halikumtosha.

Vitarosa


Martina Franca, 29 Aprili 1962

Vitarosa,

Mama anakusalimu. Habari ya Oronzo tuliipata katika barua yako, padri alikuwa Bari. Mama alivaa nyeusi juu ya nyeusi. Misa imesomwa. Mimi sikuandika mapema kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha shule.

Pasaka imepita. Nilivishwa subana. Palma hakuvishwa. Alichukua shali yake, akanibusu, akaniambia, "Mgane wako ana meno mangapi? Mjomba wako amemtuma kwetu."

Nimeomba kama ulivyosema, baada ya chakula, baada ya mteja. Mastra amekubali. Kiti ni kile cha karibu na mlango, unakijua, penye upepo. Mapindo na vifungo. Watoto wakae kwa Mama, sauti yao isisikike karakanani. Wasichana watakucheka siku ya kwanza. Mastra atakuuliza mbele yao habari za mama mkwe. Usimjibu.

Mimi nakaa dirishani sasa. Nikifika kwenye mkono nageukia ukutani. Usinitazame kana kwamba tumelala kitanda kimoja tangu utotoni. Humo ndani mimi si mdogo wako, na usiniulize kitu, maana nitakutuma maji.

Nakutumia koti la Baba. Limepunguzwa. Mwenye kulivaa sasa ni mfupi. Ni la Pinuccio, nimemwachia nafasi ya kukua. Mikono nimeipachika mwenyewe.

Comasia


Torino, 13 Mei 1962

Mdogo wangu Comasia,

Pole kwa goti la Mama, na pole kwa Palma, na hongera kwako. Naandika upesi, vitu nimeshavifunga na Nunzia amekaa juu yake asije mtu akavichukua.

Koti limefika. Nilimvika Pinuccio palepale kwa mlinzi, chini ya ngazi, sikuweza kungoja. Akasimama. Akainua mikono yote miwili juu kabisa, kama mtu anayepokea ndoo, na koti likabaki mahali pake. Halikupanda hata kidogo. Akashusha, akainua tena. Akasema, "Mama, halinibani." Mlinzi akauliza tumelinunua duka gani. Nikamwambia limeshonwa na mdogo wangu, fundi. Ni mara ya kwanza yule mtu kunifungulia mlango.

Nikapanda naye juu, nikamkalisha, nikamwambia anyamaze. Nikachukua wembe.

Alilia sana, Comasia. Alinishika kiwiko akasema, "Usiliue." Nilimwambia koti haliumii, na nikaendelea, kwa sababu treni inaondoka Alhamisi na nuru ya dirisha langu ni ya asubuhi tu. Nimefumua mkono wa kushoto uzi baada ya uzi, sufu sikuikata hata mahali pamoja. Nimeona mahali sufu ilipomezwa. Nimeona alama za bandi zako, ndogo kama mayai ya chawa. Nimeona mahali palipochoka, ulipofumua kabla yangu. Tangu jana naurudisha. Ukakaa vibaya. Nimeufumua tena.

Kiti cha mlangoni nakichukua. Upepo wake naujua. Wakicheka nitatazama sakafu, na Mastra akitaja mama mkwe nitasema "ndiyo, Mastra." Wewe ukifika kwenye mkono, geuka. Geuka mzima mzima, usiniachie hata ncha ya kiwiko, usije ukanihurumia mbele ya wasichana ukaniharibia.

Msije stesheni wote, Mama asisimame na lile goti. Atakayekuja atatutambua kwa mtoto. Atakuwa amevaa koti lenye mkono mmoja. Wa kushoto nimeutia mfukoni, nitashona njiani. Wa kulia sikuugusa, nipate wa kufananishia.

Dada yako,
Vitarosa